Jiwe la Kunduchi Halilii

Tipa ilipomaliza kumwaga kokoto kwenye kiwanja changu pale Madale, mama alikuwa ameketi juu ya matofali mawili ya bloku, mtandio ameuvuta hadi puani kwa ajili ya vumbi. Dereva akashuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umezitoa wapi hizi?"

Kabla hajajibiwa alikwishainuka. Akaokota kokoto mbili, akazigonganisha karibu na sikio lake la kulia, akatulia, akagonga tena.

"Zinalia," akasema. "Si za kwetu. Za kwetu hazilii."

Dereva akadhani mzigo wake unatiliwa shaka. "Mama, hizo ni za Lugoba. Hakuna kokoto ngumu kama hizo mjini hapa." Mama akamwambia anajua kuwa ni ngumu, ndiyo maana zinalia. Akazirudisha kwenye lundo moja moja, kama mtu anayerudisha mayai kwenye trei, akaenda kuketi.

Mama yangu alivunja kokoto kwenye machimbo ya Kunduchi Mtongani kwa miaka 19. Ada yangu, sare zangu, hata nauli ya daladala nilipofika sekondari, vyote vilitoka kwenye ndoo za lita 20 zilizojaa mawe. Sasa nina miaka 41 na najenga. Sikutegemea kwamba kujenga kungenirudisha machimboni, lakini ndivyo ilivyo: kila kinachoshushwa kiwanjani kimetoka ardhini mahali fulani, na mtu fulani amekichimba. Tukisema nchi yetu ina madini, mawazo yanakimbilia Geita na Mererani. Mimi nataka kusimulia madini tunayoyakanyaga, kwa sababu hayo ndiyo yaliyonilea, na sioni yakipewa heshima yake.

Kwa asiyewahi kufika Mtongani: wanaume walikuwa wakishuka shimoni na sururu na mitaimbo, wanabandua mapande ya mwamba mweupe, wanayapandisha juu kwa mabega. Wanawake waliyanunua mapande yale kwa mafungu, kisha wakakaa kuyavunja. Mama alikaa amenyoosha miguu, mgongo ameuegemeza kwenye kiroba cha mchanga, mbele yake jiwe moja gumu likiwa fuawe. Mkono wa kushoto ulishika pete ya mpira iliyokatwa kwenye tairi bovu, ina kishikio cha waya. Kipande cha jiwe kinaingizwa ndani ya pete, nyundo inashuka, na vipande vinabaki humo humo badala ya kuruka. Pete ile iliokoa vidole vyake. Macho haikuweza. Mwaka 1998 kijiwe kiliruka kikamwingia jicho la kushoto. Kituo cha afya alichokwenda walimpa dawa ya matone wakamwambia arudi nyumbani, na hakuna aliyelichunguza jicho lile ipasavyo. Hadi leo linaona ukungu. Ndiyo maana anagonga jiwe na kusikiliza. Sikio lilijifunza kazi ya jicho.

Wanunuzi walidai lumbesa hata kwenye mawe. Ndoo ilijazwa mpaka ikaota kilima juu, na kilima kile hakikulipwa. Nikiwa mdogo nilikuwa nakihesabu: kila ndoo nne au tano, mama alikuwa amemzawadia mwenye tipa ndoo nzima ya nguvu zake. Sijalisahau jambo hilo, na sidhani kama nitalisahau.

Sasa mlio. Kokoto za Lugoba, huko Chalinze, ni mwamba uliopikwa. Miaka ipatayo milioni 600 iliyopita mabara yalisukumana, na ukanda huu wote wa mashariki ya Afrika ukakunjwa na kuminywa ndani sana ya ardhi kwa joto kali. Miamba iliyokuwapo ikabadilika, chembe zake zikashikana bila kuacha nafasi. Ukiishika kokoto ya Lugoba juani utaona misitari ya kijivu na nyeusi, na humo vipande vidogo vya ulanga vinavyong'aa kama magamba ya dagaa. Jiwe lisilo na matundu hupitisha mlio. Jiwe la Kunduchi lina matundu, mlio unafia ndani.

Kwa nini lina matundu, nililijua darasa la sita. Mwalimu wetu wa sayansi alituambia tuliotoka machimboni kila mmoja aje na kokoto moja. Yeye alikuja na ndimu. Akaiponda kokoto yangu kwa jiwe jingine hadi ikawa unga, akaukusanya juu ya kifuniko cha bati, akakamua ndimu. Unga ukachemka. Povu dogo dogo, kama la soda iliyokaribia kuisha, likapanda na kupotea. Akachukua kipande cha jiwe jeusi alilolileta mwenyewe, sijui kutoka wapi, akalifanyia vile vile. Kimya. "Hili lililochemka," akasema, "lilijengwa na viumbe hai."

Nilikimbia nyumbani kumwambia mama. Hakushangaa. Akanyanyua turubai, akanionyesha kopo alimokuwa akihifadhi vitu alivyovikuta ndani ya mawe: kome waliogeuka jiwe, gamba la chaza, na pande moja lililojaa vinyota vidogo vilivyopangana. Aliviita maua. Miaka yote ile alikuwa akivunja matumbawe na alijua, ila hakuna aliyewahi kumuuliza.

Matumbawe ni wanyama, wadogo sana na laini, wanaoishi kwa makundi kwenye maji ya bahari yenye joto na mwanga. Kila mmoja anachota kalisi iliyoyeyuka majini na kujijengea kikombe cha kukaa. Akifa, kikombe kinabaki, mwingine anajenga juu yake. Aina zilizo ngumu huongezeka milimita chache tu kwa mwaka. Lakini bahari ina muda. Karibu miaka 125,000 iliyopita dunia ilikuwa na joto, barafu ya ncha za dunia ilipungua, na bahari ilisimama mita kadhaa juu ya ilipo leo. Miamba ya matumbawe ikastawi kuifuata. Maji yaliporudi chini iliachwa nje, mvua ikapita ndani yake ikiyeyusha hapa na kugandisha pale, hadi ikawa jiwe. Ukitembea Oysterbay, Msasani au Mbweni wakati wa maji kupwa, ule mwamba wenye ncha kali unaochana kandambili ndio huo.

Wazee wetu wa pwani waliijua kazi ya jiwe hili kabla ya kiwanda chochote. Waliyapasua matumbawe kwa kuta, wakayachoma kwa chokaa. Tanuri la chokaa lilikuwa duara la magogo yaliyopangwa kwa ustadi, juu yake vipande vya matumbawe, kisha moto. Jiwe likipata joto la nyuzi 900 hivi linaachia hewa. Si hewa kidogo: kila kilo 100 za jiwe safi la chokaa, kilo 44 zinaondoka na moshi kama hewa ya ukaa, zinabaki kilo 56 za chokaa ya moto. Chokaa hiyo ikizimwa kwa maji hufoka na kuunguza. Ikizimwa vizuri na kulala muda mrefu inakuwa laini kama siagi. Fundi akiipaka ukutani, inaanza safari ya kurudi: inavuta hewani ile hewa ya ukaa iliyoipoteza motoni, polepole, mwaka hadi mwaka, mpaka inakuwa jiwe tena. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao sehemu zake za mwanzo ni za karne ya 11, umeshikwa na chokaa ya namna hiyo. Huwa nasimama mbele ya kuta hizi za kale nikiwaza kwamba zimetumia karne nyingi zikivuta pumzi.

Hapa kwetu Kunduchi kuna magofu yanayofanana na hayo, msikiti na makaburi ya nguzo. Makaburi ya karne ya 18 yalipambwa kwa bakuli na sahani za kauri zilizokuja na majahazi kutoka mbali, nyingine asili yake Uchina. Mtu alilala chini ya nguzo ya matumbawe ya hapa hapa, akapambwa kwa udongo uliochomwa upande wa pili wa bahari. Nitarudi kwenye udongo huo.

Kutoka Madale usiku naziona taa za kiwanda cha saruji cha Wazo. Kilianza uzalishaji mwaka 1966, na kilikuwa cha kwanza nchini. Hakikuwekwa pale kwa bahati. Kilima cha Wazo ni chokaa ya baharini, ya zamani kuliko mwamba wa ufukweni, iliyoinuliwa kutoka chini. Wanakipasua kwa baruti, wanalisaga jiwe, wanalichanganya na udongo wenye silika na chuma kidogo, kisha mchanganyiko unaingia kwenye tanuri refu la duara linalozunguka likiwa limelala kwa mteremko. Huko ndani moto unafika nyuzi 1,450. Kinachotoka ni vidonge vigumu vya kijivu vinavyoitwa klinka. Moto wenyewe nao ni wa pwani: tangu mwaka 2004 gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 kwenye kisiwa cha jina hilo wilayani Kilwa, inasafiri kwa bomba zaidi ya kilomita 200 hadi Dar es Salaam, na kiwanda hicho ni miongoni mwa waliounganishwa mwanzo.

Klinka ikisagwa peke yake na kutiwa maji hushika papo hapo, fundi hapati hata muda wa kuinua karai. Kwa hiyo inasagwa pamoja na jasi kidogo. Jasi nayo ina hadithi ya chumvi. Mjomba wangu alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Kunduchi, na ndiye aliyenionyesha kwamba kitu cha kwanza kuonekana kwenye bwawa si chumvi. Maji ya bahari yakiendelea kukauka, kwanza sakafu ya bwawa inaota ganda gumu na vifuwele vyembamba visivyo na ladha. Hiyo ni jasi. Chumvi yenyewe inasubiri hadi maji yamebaki kama sehemu moja ya kumi. Na chumvi ikishavunwa yanabaki maji machungu, yamejaa magnesi, ambayo mjomba aliyafungulia yaende zake haraka yasiharibu mavuno. Jasi inayochimbwa Kilwa ilitengenezwa hivyo hivyo, na bahari ya kale iliyonaswa ikakaushwa na jua. Kwa hiyo mfuko wa saruji una matumbawe, una udongo, una chumvichumvi ya bahari nyingine, na umepikwa kwa gesi iliyotoka chini ya bahari. Nimeubeba begani nikiyajua hayo na nimeuona mzito zaidi.

Saruji ina deni ambalo chokaa ya wazee ililipa karibu lote. Ile hewa ya ukaa inayotoka kwenye jiwe, ukijumlisha na ya moto wenyewe, inaifanya saruji ya dunia ichangie kama asilimia 7 au 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Zege hurudisha kiasi, lakini kidogo na kwa kuchelewa. Sina jibu la kumpa mtu anayejenga chumba na sebule Bunju. Mimi mwenyewe nimenunua mifuko. Nasema tu kwamba jiwe lililochukua miaka maelfu kuifunga hewa ile, tunalifungua kwa dakika chache.

Mchanga ndio unaonikosesha usingizi.

Niliagiza tripu tatu. Nikamuuliza dereva, "Umetoka wapi mchanga huu, kaka?" Akajibu kwa fahari, "Huo ni wa mtoni dada, hauna chumvi, hauna udongo. Piga lipu uone." Nikalipa. Aliniambia ukweli: mchanga wa bahari una chumvi inayoila nondo, na mchanga wa bondeni mara nyingi una tope. Wa mto umeoshwa. Lakini kabla sijaolewa na kuhamia huku, nilikaa miaka kadhaa karibu na kijito kule Tegeta. Niliuona mto ukishuka. Mwanzo maji yalipita usawa wa magoti chini ya kingo. Vijana wakawa wanakuja alfajiri na makoleo, tipa inasubiri na taa zimezimwa. Baada ya misimu mitatu kingo zilikuwa zimesimama kama ukuta, mizizi ya miembe inaning'inia hewani. Masika ya mwaka wa nne kingo zikaporomoka. Choo cha jirani kilikwenda, kisha jiko, kisha chumba cha watoto, usiku, kwa bahati watoto walikuwa wamelala kwa bibi yao. Uchimbaji wa mchanga mitoni umekatazwa mara nyingi sana hapa mjini. Tipa bado zinakuja, na wanaozileta hawana kazi nyingine, na wanaonunua ni watu kama mimi.

Mchanga si kitu cha kujitokeza tu. Mwamba kama ule wa Lugoba ukikaa juani na kwenye mvua kwa muda mrefu unalegea. Ndani yake kuna madini ya kwatsi, magumu na yasiyoyeyuka, na kuna felispa, inayoonekana ngumu lakini maji ya mvua yenye asidi kidogo huitafuna. Felispa inageuka udongo laini, kwatsi inabaki chembe. Mto unachukua vyote viwili, udongo unasafiri mbali, mchanga unatulia kwenye mapinda. Kisha unasogea tena kila masika, hadi baharini, na huko mawimbi yanautandaza kuwa ufukwe. Kwa hiyo anayechota mchanga Tegeta anauchota ufukwe wa Kunduchi pia, ila ufukwe unachelewa kulalamika. Sisi tuliokulia kule tumeona bahari ikiingia, minazi ikilala, watu wakipanga mawe na viroba kuzuia maji. Si mchanga peke yake uliosababisha, bahari nayo ina mambo yake, lakini pwani isiyoletewa mchanga haina cha kuipa bahari.

Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilikadiria mwaka 2022 kwamba dunia inatumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Hakuna kitu kigumu kinachochimbwa zaidi ya hicho. Dhahabu yote inayochimbwa duniani kwa mwaka ni tani elfu chache.

Kule Pugu unaweza kuona felispa na kwatsi zilivyoachana. Vilima vile ni mchanga uliochanganyika na udongo mweupe unaoteleza vidoleni kama poda ya mtoto. Huo ni kaolini. Jina lake limetokana na Gaoling, kilima karibu na Jingdezhen kule Uchina, mji uliotengeneza kauri kwa karne nyingi. Kaolini ya Pugu ilichimbwa tangu enzi za ukoloni, na mahandaki yaliyoachwa msituni sasa ni makazi ya popo. Jioni wanatoka kama moshi. Nilipokwenda mara ya kwanza nilijipaka udongo ule mkononi, nikakumbuka bakuli za makaburi ya Kunduchi. Watu wa pwani walinunua kauri kwa pembe na dhahabu, na udongo wa namna ile ulikuwa umelala hapo hapo, mwendo wa siku moja kwa miguu. Siwalaumu. Kuwa na udongo si kuwa na tanuri, wala si kuwa na miaka elfu moja ya mafundi. Ila nyumba yangu sasa inahitaji sinki na choo, vitu ambavyo kaolini ni sehemu ya mwili wake, na dukani Kariakoo nilichoonyeshwa chote kilikuja kwa meli.

Mengine nayataja kwa kupita. Nondo zinazoyeyushwa mjini hapa nyingi zimetokana na vyuma chakavu, wale vijana wenye mikokoteni wanaopita mitaani wakiita ndio wachimbaji wake, huku chuma cha Liganga kule Ludewa kikizungumzwa miaka nenda miaka rudi. Waya za umeme ni shaba. Shaba ya Zambia na Kongo inapita Barabara ya Morogoro kwenye malori na inashuka kwa reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Kapiri Mposhi kule Zambia, inapakiwa bandarini kwetu ikiwa mabamba, kisha baadhi yake bila shaka inaturudia ikiwa waya. Weupe wa rangi ya ukuta ni titani, na ukienda ufukwe wa Kigamboni asubuhi baada ya bahari kuchafuka utaona michirizi myeusi mchangani. Ni chembe nzito zilizobaki baada ya wimbi kuondoa nyepesi, na humo imo ilimenaiti yenye titani. Mwanangu alipitisha sumaku ya spika mbovu, ikaota ndevu.

Na hayo madini makubwa? Dhahabu ya Geita iko kwenye miamba ya zaidi ya miaka bilioni 2.5, ililetwa na maji ya moto yaliyopanda kwenye nyufa yakiwa yameibeba, yakapoteza nguvu ya kuishika yakaiacha pamoja na kwatsi. Tanzanaiti ya Mererani, iliyojulikana mwaka 1967, ni madini yaitwayo zoisaiti yenye metali ya vanadi kidogo, na vanadi hiyo ndiyo iliyoipa ubluu wake. Nililosoma na likanifurahisha sana ni umri wake: ilizaliwa kwenye msukumano ule ule wa mabara uliopika ukanda wa miamba ambamo Lugoba imo. Kokoto aliyoigonga mama na kito kinachowekwa kwenye kioo cha sonara walitoka kwenye tanuri moja. Kimoja kimejengewa ukuta wa kilomita 24, kingine kinamwagwa kando ya barabara na kuku wanapanda juu yake.

Sheria ya Madini ya mwaka 2010 haina ubaguzi huo. Kokoto, mchanga na mawe vimo humo, vinaitwa madini ya ujenzi, vina leseni na vina mrabaha. Kisheria mama yangu alikuwa kwenye sekta ya madini kwa miaka 19, ila hakuna siku aliyoitwa hivyo. Aliitwa mama kokoto. Mgodi mkubwa wa dhahabu hutakiwa kuwa na mpango wa kufunga, na dhamana ya fedha ya kuirekebisha ardhi. Mashimo ya Mtongani nimeyazunguka mwezi uliopita. Baadhi yana maji ya kijani, watoto wanaogelea. Juu ya kingo zake kuna nyumba, na nyumba hizo zimejengwa kwa kokoto zilizotoka kwenye shimo lenyewe. Wanawake bado wapo, pete za mpira zile zile. Mmoja alimtambua mama kwa mwendo, kabla hajaiona sura yake. Wakashikana mikono muda mrefu, wakageuza viganja, wakalinganisha.

Mama aliniomba ninunue fungu moja la mapande. Nikamwambia, mama, kokoto tunazo, na mhandisi amesema nguzo na lenta ziwe za Lugoba, za matumbawe hazina nguvu ya kubeba ghorofa. Akasema hajaomba nguzo. Akasema anataka za sakafu ya kibaraza, pale atakapokuwa anakaa.

Akavunja kwa siku nne, kidogo kidogo, chini ya ule mwembe wa uani, miwani ya plastiki nimemvalisha kwa nguvu. Nyundo ilikuwa ile ile, mpini tu ndio mpya. Alijaza ndoo sita bila lumbesa, usawa wa mdomo. Siku ya kumwaga sakafu alisimama karibu na fundi, mikono ameifungia nyuma. Fundi akachanganya: saruji, mchanga, kokoto nyeupe, akatengeneza shimo katikati, akamwaga maji, akaanza kugeuza kwa koleo. Zege likakauka kabla hajalizungusha mara ya pili. Akasimama akalitazama.

"Ongeza maji kidogo, baba," mama akamwambia. "Hizi zinakunywa. Ungezilowesha kwanza usiku."